Saa nne juu, saa kumi chini: jinsi ya kusoma barometa na vipimo vyake

Mimi ni fundi saa hapa Tanga mjini, na barometa ya kwanza niliyoishika niliitengeneza mara mbili ilhali haikuwa mbovu hata mara moja.

Aliyeileta ni mwalimu mmoja mstaafu, ameshuka na basi kutoka Lushoto. Akafungua kanga mezani kwangu: kitu cha shaba, duara, kioo mbele, mshale mmoja tu. "Fundi," akasema, "hii saa ya mvua imekufa. Mshale umelala chini, hausogei." Nilikuwa kijana, sikutaka mzee aone sijui. Nikamwambia, "Niachie, njoo Ijumaa." Alipoondoka nikaitazama vizuri: mshale umesimama wima kwenye 29.9, mzima kabisa. Nikaifungua nyuma, nikapuliza vumbi, nikafunga. Ijumaa mwalimu akafurahi, akanilipa. Wiki mbili baadaye karudi: "Fundi, imekufa tena. Imekata roho njiani, hata Soni hatujafika." Nikaifungua tena. Ilikuwa nzima tena.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi melini, alikuja kubadilisha mkanda wa saa. Akacheka mpaka akakaa chini. "Haijafa, mwanangu. Imepanda mlima."

Tangu siku ile, mtu akinitajia namba ya hewa namuuliza mambo matatu kabla sijaiamini: ni kwa kipimo gani, umesomea kimo gani, na saa ngapi. Nitayaeleza kwa mpangilio huo, ingawa kwetu sisi tunaoishi karibu na ikweta hilo la tatu ndilo lenye utamu.

Jina lenyewe lisikusumbue. Watabiri wa hali ya hewa redioni husema mgandamizo wa hewa, vitabu vya fizikia vya shule husema kanieneo, Wakenya wengi husema shinikizo. Yote ni uzito wa hewa iliyorundikana juu ya kichwa chako mpaka mwisho wa anga. Neno "presha" mtaani limeshachukuliwa na hospitali, nalo tutalikuta hapo chini.

Kipimo gani?

Mara nyingi ukubwa wa namba unatosha kukuambia.

Namba inayocheza karibu na elfu moja, tuseme 998 au 1018, ni hektopaskali, hPa. Ndiyo inayotumika kwenye utabiri karibu dunia nzima. Milibari ni hiyo hiyo kwa jina la zamani: milibari 1 ni hPa 1, hakuna cha kuzidisha wala kugawa. Barometa yenye maandishi "mb" usiidharau kwa hilo. Watabiri walihamia jina jipya miaka ya 1980 ili lilingane na paskali, na hektopaskali 1 ni paskali 100.

Namba inayocheza kwenye 760 ni milimita za zebaki. Asili yake ni Torricelli wa Italia, aliyejaza bomba la kioo kwa zebaki miaka ya 1640, akaligeuza ndani ya bakuli, na zebaki ikabaki imesimama kama sentimita 76. Hewa ya nje ndiyo iliyokuwa inaishikilia. Angetumia maji angehitaji bomba la zaidi ya mita 10, maana zebaki ni nzito kuliko maji mara 13.6. Warusi bado hutangaza utabiri wao kwa milimita hizo. Na wewe umezisikia: ukiambiwa presha yako ni 120 kwa 80, hizo ni milimita za zebaki, ila zinahesabiwa juu ya mgandamizo wa hewa ya nje, kama fundi wa matairi anavyohesabu upepo wa gurudumu. Tairi likisoma sifuri, ndani bado mna hewa sawa na ya nje.

Namba inayocheza kwenye 30 ni inchi za zebaki. Hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye barometa ya mwalimu, na ndiyo anayoniandikia ndugu yangu aliyeko Minneapolis, kwa sababu Wamarekani hawajaiacha. Mpwa wangu aliyeko Calgary ananitumia 101.6, naye hakosei: Kanada huwatangazia watu wake kwa kilopaskali. Ukiona namba karibu na 1 ni bari, hiyo waachie watu wa pampu.

Kuna mtego mmoja. Ukiwa juu sana milimani, mita 2,500 hivi, simu inaweza kukuonyesha 755 na zikawa hektopaskali halisi. Ukidhani ni milimita, utajiona uko ufukweni.

Hesabu za kugeuza nimezifupisha ziingie kichwani bila kikokotoo. Hewa ya kawaida usawa wa bahari wameikubaliana kuwa 1013.25 hPa, yaani milimita 760, inchi 29.92, kilopaskali 101.325. Kutoka milimita kwenda hPa, zidisha kwa 4 kisha gawa kwa 3: milimita 756 zinakupa 1008. Kutoka hPa kwenda milimita, geuza: zidisha kwa 3, gawa kwa 4. Kilopaskali ni kusogeza nukta tu, 101.6 inakuwa 1016.

Inchi ndizo sumbufu. Hesabu kamili ni kuzidisha kwa 33.86, lakini mimi nakumbuka kitu kimoja: inchi 29.53 ni hPa 1000, na kila sehemu ya kumi ya inchi ni hPa 3.4. Barometa ikisoma 29.85, imepita 29.53 kwa 0.32. Hizo ni sehemu za kumi tatu na kidogo, mara 3.4, karibu 11. Jibu ni 1011. Nilibandika karatasi yenye hesabu hiyo nyuma ya mlango wa duka, na wateja wanadhani ni bei.

Kuchanganya vipimo hivi si jambo la kuchekea wakati wote. Marubani hurekebisha kipimakimo cha ndege kwa mgandamizo wanaosomewa na kiwanja. Wakisomewa "tisa tisa mbili" kwa hektopaskali, rubani aliyezoea inchi akaelewa 29.92, ametofautiana na ukweli kwa hPa 21. Ndege itajiona iko juu kuliko ilipo kwa karibu mita 180.

Kimo gani?

Sasa ugonjwa wa barometa ya mwalimu. Ndani yake hamna zebaki. Kuna kikopo chembamba cha bati kilichonyonywa hewa, springi inayokizuia kisibonyee kabisa, na mnyororo mwembamba kama uzi unaovuta mshale. Hewa ikiwa nzito kikopo kinabonyea, ikiwa nyepesi kinafutuka. Uso wake ulianzia inchi 28 ukaishia 31. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na hewa ya kule ina kama hPa 860, yaani inchi 25.4. Namba hiyo haikuwepo kwenye uso. Mshale ulishuka, ukagonga pini, ukalala. Walipofika Tanga ukaamka.

Ndilo jaribio alilolifanya Pascal, yule Mfaransa ambaye jina lake limo kwenye kipimo. Mwaka 1648 alimwomba shemeji yake apande na bomba la zebaki mlima Puy de Dôme, na kule juu zebaki ikashuka zaidi ya sentimita 8. Shemeji alijua anachokitafuta. Mimi nilimtoza mwalimu fedha mara mbili kabla ya kujua.

Chini huku pwani, kila ukipanda mita 8 na nusu hivi unapoteza hPa 1. Kama simu yako ina kihisi cha mgandamizo, na baadhi zinacho, panda nayo ghorofa tatu utaiona namba ikishuka. Lakini usiichukue kanuni hiyo ukaipandisha nayo Usambara. Ukigawa 1,400 kwa 8.5 utapata 165, na utakosea kwa zaidi ya hPa 10, kwa sababu hewa ya juu imepungua: Lushoto hPa 1 inataka karibu mita 10.

Ndiyo maana watabiri hawachori ramani kwa namba ghafi. Wangefanya hivyo, Usambara na Kilimanjaro zingeonekana kama tufani zisizokwisha. Kila kituo huongeza uzito wa hewa ambayo ingekuwepo kama ardhi ingekatwa mpaka baharini, na jibu huitwa mgandamizo wa usawa wa bahari. Hapo simu huwachanganya watu: programu ya utabiri inasema 1016, programu ya kihisi inasema 861, simu moja, kiganja kimoja. Zote ni sahihi. Ya kwanza ni ya usawa wa bahari, ya pili ni ya pale uliposimama. Vituo vilivyo juu sana, ambako kuongeza huko kunakuwa kubahatisha, huripoti badala yake kimo ambacho hewa inafika hPa 850.

Kuiweka sawa barometa ya ukutani ni kazi ya dakika moja. Nyuma kuna tundu lenye skurubu. Tafuta ripoti ya kiwanja cha ndege kilicho karibu. Kwetu mimi hutumia ya Zanzibar, ambayo herufi za kiwanja chake ni HTZA, au ya Mombasa, HKMO, kwa sababu huku kwetu hewa ya siku tulivu haitofautiani sana kati ya sehemu hizo. Ndani ya ripoti kuna kipande kama Q1014: hiyo ni hPa 1014, usawa wa bahari. Ripoti ya Marekani itaandika A2998, yaani inchi 29.98. Ile Q hukatwa desimali kwa kushushwa, hivyo 1014 inaweza kuwa 1014.9, usigombane nayo. Muda wake huandikwa kwa saa za Greenwich, na sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna bahati: toa 3 tu. 0700Z ni saa 4 asubuhi, 1300Z ni saa 10 jioni. Gonga kioo taratibu kwa kidole ili mshale uache uvivu, kisha zungusha skurubu kidogo kidogo kwa bisibisi ndogo. Ukihisi inagoma, acha. Kwa mtu wa Lushoto skurubu itakwisha kabla mshale haujafika, na akilazimisha atavunja springi.

Saa ngapi?

Hapa ndipo vitabu vilivyoandikwa Ulaya vinapotuacha njiani.

Kwenye uso wa barometa ile kumeandikwa kwa Kiingereza maneno ya Tufani, Mvua, Mabadiliko, Kweupe, na Kukavu kabisa. Maneno hayo ni ya Uingereza, ambako hewa huteremka mpaka 970 na kupanda mpaka 1040 msimu mmoja. Tanga kwa mwaka mzima tunazunguka kati ya 1008 na 1019 hivi. Masika inanyesha mpaka barabara zinafungwa, na mshale umekaa karibu na "Kweupe", haujali. Mvua zetu nyingi hazibebwi na kushuka kwa barometa, na mtu asikudanganye kwamba atakuambia mvua ya kesho kwa kuutazama mshale.

Lakini mshale haujakaa tu. Andika namba kila baada ya saa kwa siku tatu, utaona kitu ambacho mvuvi yeyote atakielewa: hewa inajaa na kupwa. Inajaa mara mbili kwa siku na kupwa mara mbili, kama bahari. Inafika juu saa 4 asubuhi, inashuka mpaka saa 10 jioni, inapanda tena mpaka saa 4 usiku, inashuka mpaka saa 10 alfajiri. Saa nne juu, saa kumi chini, mchana na usiku. Kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni tofauti ni kama hPa 3, na ile ya usiku huwa ndogo zaidi.

Tofauti yake na bahari ni bwana wake. Maji hufuata mwezi, kwa hiyo kila siku yanachelewa karibu dakika 50. Hewa hufuata jua, linalopasha moto anga ya juu na kuanzisha wimbi linalozunguka dunia pamoja nalo, kwa hiyo hewa haichelewi. Mwezi nao unaivuta, ila kidogo mno, barometa ya ukutani haiwezi kuona. Kule Minneapolis wimbi hili lipo lakini limefunikwa na mifumo mikubwa inayopita: ndugu yangu anaweza kuona hPa 25 zikiondoka kwa siku mbili, sasa hPa 1 au 2 za jua atazijuaje?

Maana yake kwa kazi ni hii. Ukisoma 1015 saa 4 asubuhi na 1012 saa 10 jioni, hakuna kilichotokea. Linganisha saa 4 na saa 4 ya jana, saa 10 na saa 10 ya jana. Na ukitaka kuiweka sawa barometa yako, fanya hivyo saa 4 asubuhi, wakati hewa imefika juu na inatulia kabla ya kugeuka. Ripoti ikiwa imechelewa nusu saa, haitakukosesha.

Daftari langu lina safu tano: tarehe, saa, namba, kipimo, upepo. Hiyo safu ya kipimo niliiongeza baada ya kuandika mwezi mzima nusu inchi nusu milibari, kisha nisijielewe.

Ukijua kawaida ya saa na ya msimu, ndipo barometa inapoanza kukufaa. Mabaharia wa bahari zenye vimbunga wana kanuni ya zamani: namba ikishuka hPa 3 chini ya kawaida ya saa ile na msimu ule, shuku kimbunga, ikishuka 5, usishuku tena, kipo jirani. Karibu kabisa na ikweta vimbunga haviumbiki, na Tanga iko nyuzi 5 tu kusini yake, lakini pwani yetu haijaachwa. Zanzibar ilipigwa Aprili 1872, Lindi Aprili 1952, na Hidaya alifika Mafia Mei 2024. Siku zile za Hidaya niliandika namba kila saa, ila wavuvi walioniuliza niliwaambia wasikilize tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wao wanaona kwa setilaiti, mimi naona kikopo cha bati.

Msimu wenyewe ni hadithi nyingine ninayoipenda. Nina jamaa Muscat. Julai moja aliniandikia kwa hofu: simu yake inasoma 998, je, kimbunga? Nikamwambia atoke nje aangalie. Jua kali, hakuna wingu. Kule kiangazi joto huifanya hewa iwe nyepesi mwezi mzima, na kwao 998 ya Julai ni kawaida. Siku hiyo hiyo Tanga ilikuwa karibu 1017. Hewa hutoka palipo na mgandamizo mkubwa kwenda palipo mdogo, na hizo hPa 19 kati yetu ndizo kusi. Januari inageuka: Muscat inapanda kwenye 1018, sisi tunashuka kwenye 1011, na upepo unarudi huku. Hiyo ndiyo kaskazi. Majahazi yaliyoleta tende na kurudi na boriti yalikuwa yanateremka mteremko wa hewa, huku mara moja, kule mara moja, na manahodha walikuwa wanaujua bila namba yoyote.

Ukikutana na ramani ya watabiri, mistari iliyojipinda ni isoba, inayounganisha sehemu zenye mgandamizo sawa. Ikisongamana, upepo una nguvu. Kando ya kituo utaona tarakimu tatu tu, kwa mfano 138. Wamekata mbele ili kuokoa nafasi, na ya mwisho ni desimali: weka 10 mbele, ni 1013.8. Ukiona 987, weka 9, ni 998.7. Kwa huku kwetu karibu kila mara utaweka 10.

Barometa ya mwalimu haikurudi Lushoto. Mara ya tatu nilimrudishia fedha zake zote, naye akasema, "Basi ikae huku inakoishi." Imo ukutani mwangu mpaka leo, sijaigusa ndani tangu wakati ule, na inatofautiana na Zanzibar kwa hPa 1 tu.

Ukirithi ya namna nyingine, ile ndefu ya mbao yenye bomba la kioo, hiyo ina zebaki kweli. Usiilaze, usiigeuze, usiifungue, na watoto wasichezee vile vidonge vyake vinavyong'aa, maana mvuke wake ni sumu hata kama huuoni. Za hivyo mimi dukani sipokei.